Sponji Nyeupe na Fulu wa Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Wiki ya sita ya tangi la samaki. Lita 120, fulu 14, mama 1. Hesabu imetimia, ila filta inanidharau.

Siku ya kwanza ilijaza chupa ya nusu lita kwa sekunde 9. Leo sekunde 31. Nimepima mara tatu. Nikafungua kifuniko, nikaikuta sponji ya kahawia, inateleza, inanuka kama gambuti za dereva wa trela. Ndani ya nyumba yangu! Mimi Bwire, niliyeosha trela za nchi saba. Nilianza na ndoo moja na fulana iliyochanika, leo nina mashine mbili za presha za kuoshea magari na zege la kuegesha magari manne kwa mpigo. Hakuna uchafu uliowahi kufika Busia ukanishinda.

Nikampigia Kate wa Busitema, anayefuga vifaranga vya kambare, ambaye ndiye aliyenipa tangi. Akasema niache kabisa, tangi bado changa. Nikasema siwezi kuacha. Akashusha pumzi. Basi chota maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, kamua sponji humo mara mbili tatu, irudishe. Maji ya bomba hapana. Sabuni hapana. "Na Mzee Bwire, mimi nakujua. Presha hapana!"

Yaani nioshe uchafu kwa maji machafu. Kate amesoma, lakini hajawahi kuosha trela.

Haraka yangu ina sababu. Jumapili anakuja Nathan, mdogo wangu, mwalimu wa baolojia kule Tororo. (Niliishia darasa la saba ili yeye aendelee. Halitaji hilo hata siku moja. Mimi hulitaja.) Anataka kumchukua Mama. Anasema chumba chake cha wageni kina dirisha linalotazama Mwamba wa Tororo. Mwamba! Mama ni mtu wa ziwa, mtu wa Majanji. Mwaka jana ziwa lilipopanda liliingia mlangoni kwake bila hodi, likachukua nyumba na jiko, likasimama hatua ishirini kutoka kaburi la Baba.

Alipofika kwangu mwezi wa tatu alikuwa amenyamaza. Nilihesabu. Kuna siku alisema maneno sita, na manne yalikuwa sala. Ndipo nikaagiza fulu, wale samaki wadogo wa kwetu, wakaletwa kutoka Majanji ndani ya jerikani. Jioni ya kwanza alivuta kigoda mbele ya kioo. Jioni ya pili alianza kuwapa majina ya watu wa ufukweni. Padri. Fundi Nyavu. Ariokot, jirani yake. Dume jeusi lenye mkia mwekundu, linalosukuma wenzake, alilipa jina la Baba. "Wewe Oguttu, acha ubabe!"

Jana alisema maneno 212. Hayo ni kwa filta chafu. Filta ikiwa safi, je?


Jumanne, 4 Novemba

Nimeosha!

Anjeline, mke wangu, alikwenda sokoni. Mama alikwenda jumuiya. Saa nne kamili nikaitoa sponji, nikaitia kwenye mfuko wa koti, nikaenda nayo kazini kama mtu wa magendo.

Presha ya kwanza ilikuwa kosa dogo. Sponji iliruka juu ya ua ikatua kwenye turubali la trela, na trela yenyewe ilikuwa inajongea kwenye foleni ya mpakani. Nilikimbia mita 80 nikipiga kelele. Dereva, Mkenya mmoja anaitwa Benard, alichungulia dirishani. "Buda, hii sponji yako inavuka bila karatasi! Unataka nikamatwe na mzigo wa magendo?" Vijana wa foleni walicheka mpaka nikahisi masikio yanawaka. Alipanda mwenyewe kunirushia. Nikamwahidi kumwoshea vioo.

Baada ya hapo nikafuata utaratibu. Sabuni ya unga, konzi moja. Jiki ya kutoa madoa, vifuniko vitatu. Kusuuza kwa maji ya bomba mara saba. Ikatoka nyeupe kama hostia. Nikairudisha, nikapima. Sekunde 8! Imeishinda ile ya dukani.

Nikiwa nimeinama kwenye povu, ile harufu ilinirudisha Majanji. Jumamosi alasiri, Mama akipika malwa, pombe yetu ya wimbi. Wimbi likianikwa kwenye mkeka, chungu kikubwa cheusi kikinguruma chenyewe kama mvua iliyo mbali, wavuvi wakifika mmoja mmoja na mirija mirefu mabegani. Kazi yangu ilikuwa kusafisha mirija. Hata wakati ule nilikuwa mtu wa usafi. Ada ya Nathan ilitoka ndani ya chungu kile. Mimi nilichotoa mle ni viboko, mara moja. Sababu siikumbuki vizuri. Nadhani nilionewa.


Jumatano, 5 Novemba

Maji kama hewa. Nimempiga picha Oguttu, nimeituma kwa Nathan bila neno lolote, ili aumie mwenyewe.

Amejibu baada ya dakika mbili: "Uliosha kwa nini?" Sijajibu. Wivu.

Mama alikaa kigodani jioni. Akasema maji yananukia kama wodi. Nikamweleza kuwa ndiyo harufu ya usafi. Akasema fulu leo hawachezi. Nikamwambia wanashangaa, hawajawahi kuona mbali hivi.

Maneno 43. Pengine koo linamwasha. Nimemwambia Anjeline amchemshie tangawizi.


Alhamisi, 6 Novemba

Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele! Hayakuwa hivyo jana! Mimi sijagusa kitu!

Fulu wote 14 wako juu, midomo nje, wanatweta. Nimechunguza sababu. Moja, vumbi la trela. Mbili, Anjeline anawalisha kwa mkono wa kushoto. Anjeline akasema, "Baba Sylvia, tangu uolewe na hiyo presha umeanza kuwehuka." Tatu, udhaifu wa mwili. Hii ya tatu naiona ina ukweli, kwa hiyo nimewapa chakula mara nne badala ya moja. Mgonjwa hupewa uji.

Hawakula. Chakula kimelala chini kama vumbi la mbao.

Mama: maneno 11. Sita kati ya hayo alimwambia Oguttu, naye hakumsikia.


Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi Padri amekutwa amelala ubavu, anaelea. Wamebaki 13.

Nilimtoa kabla Mama hajaamka. Nikamfunga kwenye gazeti, nikamzika nyuma ya presha ya pili. Nikafikiri haraka, kwani mtu wa kazi hafi moyo. Sokoni kuna mama anayeuza vifaranga vya ngege kwa wenye mabwawa. Kifaranga ni kifaranga. Nikachagua mmoja wa urefu uleule, sentimita saba na nusu, nimepima kwa rula. Nikamtumbukiza. Hesabu ikarudi 14. Nikapiga mluzi.

Mama alikaa kigodani. Hakumaliza hata dakika. Akanyoosha kidole.

"Huyu si wa kwetu."

Nikasema ni Padri, amenenepa kidogo. Akasema Padri alikuwa na madoa mawili ya njano kwenye pezi la chini, na huyu hana hata moja, na hata akinenepa samaki habadili kabila. Akauliza Padri yuko wapi. Nikamwambia. Akauliza nani mwingine. Nikasema bado.

Aliinuka akaingia chumbani. Nilidhani ni sala. Nikachungulia. Alikuwa amelitoa begi lake la bluu, lile alilotoka nalo majini, anakunja kanga moja moja. Alizikunja vizuri mno. Kanga za mtu anayesafiri.

Nikauliza anaenda wapi. Akasema mara ya kwanza maji yalimfukuza kwake, sasa anayaona yanafukuza na wenzake ndani ya kioo, na macho yake yamechoka kuona. Nathan akija Jumapili atakwenda naye. Mwamba haufi.

Hayo ni maneno mengi kuliko ya siku mbili zilizopita. Sikuyaingiza kwenye hesabu.


Jumamosi, 8 Novemba

Fundi Nyavu amekufa. 12, bila ngege. Oguttu amelala chini nyuma ya jiwe, anapumua haraka, rangi yake imekuwa ya majivu. Ariokot hali kadhalika.

Saa moja asubuhi nilikuwa juu ya pikipiki ya Rasto, bodaboda wa hapa jirani, tukaelekea Busitema. Kate alikuwa ndani ya bwawa, maji kiunoni. Nilitaka kuanza na habari ya vumbi la trela. Akaniuliza tu, "Jiki au sabuni?" Nikasema vyote. Akauliza kama nilipiga presha. Nikatazama mbali, nikasifu bwawa lake.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akanieleza, na nakiri alieleza vizuri. Ule ute wa kahawia ulikuwa wafanyakazi. Vijidudu vidogo, macho hayavioni. Samaki wanakojoa, vijidudu vinakula ile sumu. Tangi la miaka lina akiba ya vijidudu kwenye mawe na mchanga, lakini tangi la wiki sita karibu wote wamelala kwenye sponji. "Mzee Bwire, umewafukuza vibarua wote Jumanne, halafu Alhamisi unauliza kwa nini trela hazijaoshwa!"

Mimi ni mwajiri. Hilo lilinigusa.

Akatoa sponji kutoka tangi lake la miaka minne, nyeusi, mbaya, ningemfukuza mtu kazi kwa sponji ile. Akaitia kwenye mfuko na maji yake. Masharti: isikauke, isioshwe, ifike ndani ya saa moja. Ipachikwe kando ya ile nyeupe. Robo ya maji itolewe, yawekwe yaliyolala wazi siku nzima. Chakula hapana, siku mbili. Alinirudia masharti yote mara mbili, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea.

Njiani tulipita kisima cha pampu. Maji safi yanamwagika tu. Nikamwambia Rasto asimame kidogo. Akaniuliza kama sponji imeona kiu. Kabla sijashuka simu ikalia. Kate! "Msiwe mmesimama kisimani." Sijui alijuaje. Tukaendelea.

Nyumbani nilimkuta Mama kigodani, amevaa viatu vya safari, begi liko mlangoni. Nikamwonyesha mfuko. Akaufungua, akanusa. Akanusa tena. Halafu Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tatu. Alicheka kwa tumbo, kofi pajani, Anjeline akatoka jikoni mbio.

"Hiki ni chungu changu!" akasema. "Bwire, umeosha chungu tena!"

Akasimulia, na mimi nikakumbuka kila alichosema kabla hajakisema. Mwaka 1989. Nilikuwa na miaka tisa. Matanga ya mzee wa mitumbwi yalikuwa yanamalizwa, watu arobaini walikuwa wanakuja kunywa. Nikaona chungu cha malwa kina ukoko ndani, nikaona aibu kwa niaba ya mama yangu. Nikakisugua kwa mchanga na sabuni ya mche mpaka kikawa chekundu, hata ukikigonga kinalia sauti nyingine. Mama akatia wimbi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ni uji tu, hakuna hata povu moja, na watu wanakaribia kufika. Chungu cha malwa hakioshwi kwa sabuni, alisema, mtoto wa kike wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kusuka nywele. Kinasuuzwa kwa maji yake chenyewe, basi. Kinachopika malwa ni ule ukoko, wimbi ni mgeni tu.

Ariokot, yule jirani, ndiye aliyemwokoa. Alivuka kinjia na kibuyu cha machicha ya chungu chake. Wakamwaga, wakafunika, wakakaa wawili nje wakisikiliza. Alasiri kikaanza kunguruma. Ndipo Mama akaingia ndani kunitafuta na fimbo.

Sikuonewa, kumbe.

Wakati anasimulia alikuwa anafanya kazi. Tangu Jumatano aliposikia ile harufu ya wodi alikwishateka mabeseni matatu akayaacha uani yalale. Sikuyaona, au niliyaona nikadhani ni ya nguo. Akataka kata yake ya kuchotea. Kata ilikuwa chini kabisa ya begi. Ikabidi atoe kanga zote. Akachota maji taratibu, kata kwa kata, kata 60, bila kuwashtua fulu, akiwaambia wavumilie, machicha ya Ariokot yamefika.

Nilihesabu maneno hadi 640, kisha nikapoteza hesabu. Haijawahi kunitokea.

Begi limebaki wazi mlangoni. Hakuna aliyeligusa.


Jumapili, 9 Novemba

Bado 12. Oguttu ametoka nyuma ya jiwe. Rangi ya majivu bado, lakini amemsukuma mwenzake kidogo. Tulipiga makofi.

Nathan alifika saa sita na vijikaratasi vya kupimia maji kutoka maabara ya shule. Alichovya, akatazama rangi, akakunja uso kama daktari. Akaanza kutueleza habari za naitrojeni. Mama akamwambia, "Nathan, mwanangu, hicho ni chungu." Akamweleza kwa dakika tatu. Nathan alitazama karatasi, akamtazama Mama, akairudisha karatasi mfukoni. Akasema angekuwa na Mama darasani asingehitaji kitabu.

Tulikaa watatu mbele ya kioo, kila mtu na kigoda chake. Nathan akakumbuka jinsi tulivyokuwa tukigombania mrija wa Baba, ule wenye kichujio kilichosukwa kwa nyuzi kwenye ncha. Mimi nikakumbuka harufu ya fulu waliobanikwa kwenye vijiti, kumi kumi. Mama akakumbuka kuwa Baba alikuwa akirudi ziwani anaimba vibaya makusudi, ili yeye ajue ni nani kabla mtumbwi haujaonekana. Hilo hatukuwahi kulisikia. Filta ikasikika ikidondosha maji.

Kisha Nathan akauliza kuhusu Tororo. Moyo wangu ukaenda mbio, mapigo 104, nilishika mkono. Mama akasema mtu hawaachi wagonjwa. Akauliza hapohapo kama chungu chake bado kiko kwa Ariokot, kwa sababu siku ya maji Ariokot alikiokoa kichwani kabla hajaokoa godoro lake. Akasema anataka kupika malwa ya Krismasi. Hapa, uani kwangu. Anayemtaka Mama na aje akae palipo na chungu.

Nathan ameahidi kukifuata Majanji.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Akiwa anafunga mkanda wa gari akasema, bila kunitazama, asante kwa lile la darasa la saba. Miaka 32! Nikajifanya sikusikia, ili arudie.

Hakurudia.


Jumamosi, 22 Novemba

Maji yametulia, mazuri. Chupa ya nusu lita sekunde 19, na sitaki kujua zaidi. Nimeifunga filta kwa utepe nikaandika USIGUSE kwa herufi kubwa. Anjeline ameuliza maandishi hayo yanamhusu nani, kwa sababu wengine wote hapa wanajua.

Jana Mama aliniita. Ariokot, yule wa majini, ana mashavu yamevimba, hali chakula. Nikaogopa. Mama akasema nyamaza, amebeba watoto mdomoni. Leo asubuhi amewatema. Nimehesabu 17, wadogo kama punje za mtama, na akisogea mtu wanakimbilia tena mdomoni. Oguttu mweusi kama zamani, anafukuza kila mtu. Jumla 29, bila ngege. Faida kamili.

Begi la bluu liko juu ya kabati. Tupu, nimelitikisa.

Na chungu kimefika! Nathan amekileta amekifunga kwa blanketi kama mtoto. Mama alikikumbatia mbele ya watu. Ni chombo cha ziwani hicho, kimemlea kila mtu wa nyumba hii. Sasa kiko uani chini ya turubali. Mama na Anjeline wamekwenda Masaba kuchagua wimbi, watarudi saa tisa.

Nimekifunua kidogo, kukisalimia tu.

Jamani.

Ukoko ndani, unene wa kidole. Nimepima, milimita 11. Mweusi, umepasuka kama barabara ya Majanji. Harufu imenirudisha kwetu moja kwa moja, mirija, mvua ya mbali, sauti mbaya ya Baba. Machozi yalinitoka. Lakini Krismasi watakuja watu 45, wengine kutoka Tororo, na mke wa Nathan ambaye huosha hata ndizi.

Somo nimelipata, silikatai. Filta haioshwi. Lakini chungu hiki si filta, hakina samaki ndani. Na nikitazama vizuri, 1989 kosa langu lilikuwa nini? Mchanga. Mchanga na sabuni ya mche! Mtoto wa miaka tisa anajua nini? Tena nilisuuza mara moja tu, Mama mwenyewe ni shahidi. Leo ni mtu mzima, nina vifaa. Sabuni laini ya unga, konzi mbili. Jiki, vifuniko vitano. Presha kwa nguvu ya chini kabisa. Kusuuza mara nane.

Kiko kwenye toroli tayari, nimekifunika blanketi lilelile. Sasa ni saa sita na dakika arobaini. Nina dakika 140, zinatosha na kubaki.

Mama akikiona kinavyong'aa, nadhani atakosa hata neno moja la kusema.